Vyumba Vinne Haviijui Jinja Wala Mbale

Kila mwanafunzi wa biashara hukutana na swali hili angalau mara moja kabla ya kuhitimu. Anapewa kampuni yenye vitengo vinne au vitano, pamoja na takwimu za ukuaji wa soko na sehemu ya soko inayoshikwa na kila kitengo. Kisha anaambiwa avipange vitengo hivyo katika jedwali la vyumba vinne na kutoa ushauri. Nyota iongezewe mtaji. Ng'ombe akamuliwe. Alama ya kuuliza ichunguzwe. Mbwa auzwe au afungwe. Anayejaza vyumba sawasawa hupata alama zake, na hakuna anayemwuliza kama kampuni hiyo ingebaki hai mwaka mmoja baada ya kuufuata ushauri wake.

Insha hii inapinga zoea hilo. Hoja yangu ni kwamba jedwali la vyumba vinne, jinsi tunavyolisoma na kulitumia, linatuzoeza kuhukumu kabla ya kuelewa. Katika miji ya Jinja na Mbale, ambayo yote miwili ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020 huku viwanda vyake vingi vya zamani vikiwa vimefungwa au vinafanya kazi kwa kusuasua, hukumu ya haraka ni kitu cha hatari. Wanaojaza vyumba darasani leo ndio watakaoandika ripoti kesho, na ripoti hizo ndizo zitakazosema kiwanda kipi kibaki na kipi kiende.

Tuanze na asili ya jedwali lenyewe. Bruce Henderson alianzisha kampuni ya ushauri ya Boston Consulting Group huko Marekani mwaka 1963, na mwaka 1970 akachapisha maelezo mafupi kuhusu namna ya kusimamia mkusanyiko wa bidhaa. Wateja wake walikuwa makampuni makubwa yenye vitengo vingi visivyohusiana, na wakuu wake hawakuweza kukijua kila kitengo kwa undani. Walihitaji njia ya kuamua kitengo kipi kitoe fedha na kipi kizipokee. Jedwali liliwapa njia hiyo kwa kutumia vipimo viwili tu: kasi ya ukuaji wa soko, na sehemu ya soko ya kitengo ikilinganishwa na ile ya mshindani wake mkubwa. Baadaye kampuni ya General Electric, ikishirikiana na washauri wa McKinsey, ilitumia jedwali la vyumba tisa lililopima mvuto wa sekta na nguvu ya kitengo kwa vigezo vingi zaidi.

Nyuma ya vipimo vile viwili kulikuwa na imani mbili. Ya kwanza ni kwamba anayezalisha zaidi hujifunza zaidi, na kwa hiyo gharama yake hushuka kuliko ya wenzake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya soko ilihesabiwa kuwa sawa na faida kubwa. Ya pili ni kwamba vitengo vinaweza kutenganishwa, kimoja kikauzwa bila kingine kuumia. Palipo na imani hizi mbili, jedwali lina maana. Zisipokuwepo, linabaki kuwa picha nzuri ukutani. Walimu wetu hutufundisha jedwali, lakini imani zinazolishikilia hupitiwa kwa sentensi moja au haziguswi kabisa.

Sasa tulipeleke Kakira. Ukitoka Jinja kuelekea Iganga, baada ya kilomita chache unaingia katika mashamba ya miwa. Kiwanda cha sukari cha Kakira kilianza kazi mwaka 1930 chini ya Muljibhai Madhvani. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, kiwanda kikatwaliwa na serikali na uzalishaji ukaporomoka, hadi familia ya Madhvani iliporudi katikati ya miaka ya 1980 na kuanza kukifufua. Leo Kakira haitoi sukari peke yake. Miwa ikishakamuliwa, makapi yake huchomwa ili kuchemsha maji, mvuke ukazungusha mitambo ya umeme. Mitambo hiyo ina uwezo wa megawati zipatazo 50. Sehemu ya umeme huendesha kiwanda chenyewe, na unaobaki huuzwa kwenye gridi ya taifa. Molasi nayo hutengenezwa ethanoli.

Mwanafunzi mtiifu atavipangaje vitengo hivi? Sukari iko katika soko la zamani, na Kakira ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa nchini, hivyo atasema ni ng'ombe. Umeme wa makapi ni mdogo mno ukilinganishwa na ule wa mabwawa ya Bujagali, Isimba na Karuma. Tena mnunuzi ni mmoja, ambaye ni kampuni ya serikali ya usafirishaji umeme. Kwa kipimo cha sehemu ya soko, kitengo hiki kitaangukia kwa mbwa, au mwanafunzi akiwa mpole, kwenye alama ya kuuliza. Ethanoli itamfuata. Ushauri utakuwa kukamua sukari na kuviuza vile viwili vidogo.

Ushauri huo ni wa kuchekesha kwa yeyote anayejua kiwanda cha sukari kinavyofanya kazi. Umeme unatokana na makapi, makapi yanatokana na miwa inayosagwa kwa ajili ya sukari, na mashine zinazosaga zinaendeshwa kwa umeme huohuo. Kuuza kitengo cha umeme ni sawa na kuuza tumbo la ng'ombe ukabaki na kiwele. Isitoshe, bei ya sukari hupanda na kushuka, ilhali umeme huuzwa kwa mkataba wa muda mrefu. Katika mwaka ambao sukari imeshuka bei, huyo anayeitwa mbwa ndiye atakayesaidia kulipa mishahara. Jedwali haliuoni msaada huu kwa sababu linakitazama kila kitengo kikiwa kimesimama peke yake.

Hata neno "kukamua" lina kasoro yake hapa. Kakira hutegemea miwa ya shamba lake, na pia miwa ya maelfu ya wakulima wadogo wa Busoga. Wakulima hao wanahitaji mbegu, mikopo, barabara za kupitisha miwa na malipo yasiyochelewa. Meneja akiambiwa kwamba sukari ni ng'ombe wa kukamuliwa na kwamba fedha ziende kwingine, atapunguza nini kwanza? Atapunguza yale yasiyoonekana kwenye hesabu ya mwezi, yaani huduma kwa mkulima. Lakini siku hizi mkulima wa Busoga ana pa kwenda. Viwanda vingine vya sukari vimejengwa Mayuge, Kaliro na Kamuli, navyo vinaitaka miwa hiyohiyo. Mfugaji yeyote anajua kwamba ng'ombe anayekamuliwa ndiye anayestahili majani mengi zaidi. Ni ajabu kwamba mfano uliochukuliwa zizini umetumika kufundisha kinyume cha hekima ya zizini.

Kuna tatizo jingine linalojificha hata kabla hatujaanza kuchora. Sehemu ya soko ni sehemu ya soko lipi? Ukisema soko ni Uganda, Kakira ni kubwa. Ukisema ni Afrika Mashariki, inashuka. Ukisema ni nchi zote za jumuiya ya biashara ya COMESA, inakuwa ndogo. Kitengo hakijabadilika hata kidogo, lakini kimehama chumba mara tatu kwa kuhamishwa mpaka tu. Na mpaka halisi wenyewe hautulii, kwa maana Kenya imewahi kufungua na kubana uingizaji wa sukari ya Uganda zaidi ya mara moja, kulingana na siasa zake za ndani. Basi anayechagua mpaka wa soko ndiye aliyekwisha kuamua, na jedwali linafuata tu kuupa uamuzi wake sura ya kisayansi. Katika mitihani yetu mpaka huo huja umeshawekwa na mtunga swali. Sehemu ngumu ya kazi huwa imefanywa tayari, nasi hubakiwa na kazi ya kupaka rangi.

Mbale inatupa somo tofauti kidogo. Kahawa ya arabika inayolimwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, huko Bududa, Sironko na Kapchorwa, ndiyo iliyoijenga Mbale. Chama kikuu cha ushirika cha Bugisu, maarufu kwa kifupi cha BCU, kilianzishwa mwaka 1954 ili wakulima waikusanye, waikoboe na kuiuza kahawa yao kwa pamoja. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukipanga kiasi cha kahawa cha kila nchi ulivunjika mwaka 1989 na bei ikaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikalifungua soko la kahawa. Wanunuzi binafsi wakapanda mlima hadi vijijini wakiwa na fedha mkononi, na BCU ikapoteza nafasi yake ya zamani.

Tukiipima kahawa ya Elgon kwa jedwali tunapata jibu moja tu. Bei ya arabika hufuata soko la New York. Sehemu kubwa ya kahawa inayouzwa nje na Uganda ni robusta, na arabika yetu ni ndogo. Mbele ya Brazili, mlima wote wa Elgon ni mbwa. Hakuna chama cha ushirika Mbale ambacho kingeweza kuongeza sehemu yake ya soko la dunia kiasi cha kuhama chumba, hata kama wanachama wake wangelima usiku na mchana. Ushauri wa jedwali kwa mlima mzima ungekuwa kuacha kahawa.

Lakini kuna waliofanya kinyume na wakapata njia. Gumutindo, kampuni ya ushirika yenye makao yake Mbale, ilijengwa juu ya vyama vya msingi vya wakulima. Ilichagua kahawa iliyooshwa vizuri, yenye vyeti vya kilimo hai na biashara ya haki, na jina lake lenyewe katika Lugisu linahusu ubora. Haikujaribu kuwa kubwa. Ilijaribu kupata mnunuzi anayeijua kahawa ya Elgon na aliye tayari kuilipia zaidi ya bei ya soko la jumla. Nguvu ya kahawa hiyo inatokana na kimo cha mlima, udongo wake, na mikono inayochuma matunda mekundu tu na kuyamenya siku hiyohiyo. Hakuna hata kimoja cha hivyo kinachoonekana kwenye vipimo vya jedwali, kwa sababu jedwali linadhani faida hutokana na ukubwa. Kwa mkulima mwenye ekari moja huko Bududa, faida hutokana na kutofanana na wengine.

Tena katika biashara ya kahawa kuna kitengo ambacho kila mkaguzi hutamani kukifunga: kituo kidogo cha chama cha msingi kijijini. Chenyewe hakina faida. Kina mizani, ghala, karani, na labda mashine ya kumenya. Ukikifunga, hesabu ya mwaka huu itapendeza. Msimu unaofuata kahawa itauzwa mbichi kwa mchuuzi, itachanganywa na ya kila mtu, na ule ubora uliokuwa ukilipiwa bei ya juu utakuwa umepotea kabla gunia halijafika Mbale. Hasara itaandikwa kwenye kitengo cha mauzo ya nje, na meneja wa kitengo hicho ndiye atakayelaumiwa.

Turudi Jinja tuutazame ule mstari mwingine wa jedwali, yaani ukuaji wa soko. Tunafundishwa kuuchukulia kama hali ya hewa: upo au haupo, na meneja kazi yake ni kujipanga. Historia ya Jinja inakataa. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Wakati huo matumizi ya umeme Uganda yalikuwa madogo, na sehemu ya umeme huo ilipatiwa mnunuzi nchini Kenya. Kama mshauri mwenye jedwali angekuwepo, angeona kitengo kikubwa cha gharama kubwa katika soko dogo. Waliokuwepo walifanya jambo jingine, wakaanza kuliumba soko. Shirika la Maendeleo la Uganda, UDC, lilikuwa limeanzishwa mwaka 1952. Kiwanda cha nguo cha Nyanza, tunachokijua kwa jina la Nytil, kilijengwa karibu na umeme, kikitumia pamba iliyolimwa nchini. Shaba ya Kilembe ililetwa kwa reli kutoka magharibi ikayeyushwa Jinja. Bwawa liliwapa viwanda nguvu, nao viwanda vikalipa bwawa wateja. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukuaji ule uliundwa na watu waliokubali kuvitazama vitengo vyao kwa pamoja.

Mfano wa karibu zaidi uko ng'ambo ya mto, Njeru, kwenye kiwanda cha bia cha Nile Breweries. Mwaka 2002 kampuni hiyo ilianza kuuza bia ya Eagle iliyotengenezwa kwa mtama wa nyumbani, wa aina ya Epuripur iliyotokana na utafiti wa Serere, huko Teso. Serikali ilikubali kutoza bia ya malighafi ya ndani ushuru mdogo zaidi, hivyo bei yake ikawafikia watu ambao hawakuwa wakimudu bia ya chupa. Wakulima nao wakapata soko jipya la mtama. Soko hilo la bia ya bei nafuu halikuwepo kwenye takwimu za mwaka uliotangulia. Lilitokana na mbegu, ushuru na mikataba na wakulima, mambo matatu ambayo hayana chumba katika jedwali letu.

Sasa nije kwenye madhara ya majina. Tukikiita kitengo mbwa, tumekwisha kukihukumu. Mtaji wake utakatwa, vijana hodari watakihama, mashine zake hazitafanyiwa matengenezo, na baada ya miaka mitatu kitakuwa kibovu kweli. Hapo aliyekiita mbwa atasema, "Niliwaambia." Jambo hili limewahi kujaribiwa. Mwaka 1994 watafiti Armstrong na Brodie walichapisha majaribio ambamo washiriki walichagua kati ya miradi miwili, huku taarifa za faida zikiwa mbele yao. Waliolitumia jedwali la Boston walielekea zaidi kuuchagua mradi wenye faida ndogo kuliko wale ambao hawakulitumia. Takwimu walikuwa nazo, lakini majina yaliwashika macho.

Tuitazame Nytil kwa jicho hilo. Kwa miaka mingi soko la nguo Uganda limejaa mitumba na vitambaa kutoka Asia. Kwa jedwali, kiwanda hicho kilikuwa mbwa tangu zamani. Hata hivyo kimebaki na uwezo wa kusokota, kufuma na kushona, na kimekuwa kikitengeneza sare. Mwaka 2020 janga la korona lilipofunga mipaka na serikali ikahitaji barakoa kwa wananchi, kiwanda hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyotegemewa kuzitengeneza. Uwezo wa namna hiyo haununuliwi kwa wiki moja ukishaupoteza.

Uganda, kwa kweli, imewahi kuishi chini ya jedwali la nchi nzima. Sheria ya mwaka 1993 ya mageuzi na ubinafsishaji wa mashirika ya umma iliyagawa mashirika katika madaraja matano. Kulikuwa na yale ambayo serikali ingeyamiliki yote, ambayo ingebaki na hisa nyingi, ambayo ingebaki na hisa chache, ya kuuzwa kabisa, na ya kufilisiwa. Sisemi kwamba mashirika yote yale yalistahili kubaki. Mengi yalikuwa yakila fedha za umma bila kutoa huduma. Ninachosema ni kwamba daraja halikutosha kuwa mpango. Benki ya Biashara ya Uganda iliuzwa, uuzaji ukavunjika na Benki Kuu ikaichukua mwaka 1999, halafu ikauzwa upya kwa Stanbic mwaka 2002. Shirika la ndege lilifilisiwa mwaka 2001, na mwaka 2019 nchi ikanunua ndege upya na kuanza tena. UDC yenyewe ilivunjwa enzi hizo, kisha ikarudishwa, na mwaka 2016 ikatungiwa sheria mpya. Kama kufunga kungekuwa jibu la mwisho, tusingekuwa tunalipia kufungua tena.

Najua pingamizi zitakazoletwa na wenzangu, na nyingine zina uzito.

Ya kwanza inasema kwamba bila jedwali wakubwa watafuga viwanda kwa fahari, kwa ukabila au kwa kura. Ni kweli kwamba jambo hilo limetokea. Lakini ugonjwa wa mashirika yale ulikuwa hesabu zilizofichwa, ruzuku isiyojulikana ilikoingia, na wakurugenzi wasiowajibishwa. Dawa yake ni hesabu za wazi za kila kitengo na za kila kinachopita kati ya kitengo na kitengo. Jedwali halifichui ruzuku iliyofichwa. Likipewa takwimu za uongo, litapanga uongo huo kwa unadhifu.

Ya pili inasema kwamba fedha ni chache, kwa hiyo lazima tuchague. Nakubali kabisa. Tena kwa sababu fedha ni chache, kosa moja linaumiza zaidi. Kampuni kubwa ya Marekani ikikosea kwa kufunga kitengo kimoja, ina arobaini vingine. Mji wa viwanda vitano ukipoteza kimoja, fundi wa mashine anahamia Kampala au anaendesha bodaboda, na ujuzi wake hauhamishiwi kwenye "nyota" kama fedha zinavyohamishwa.

Ya tatu inasema kwamba hakuna mshauri wa leo anayelitumia jedwali peke yake, na kwamba vyumba tisa vinatatua tatizo. Kama ndivyo, mbona mitihani yetu inalitumia peke yake? Vyumba tisa vinaongeza vigezo, lakini bado vinakitazama kila kitengo kikiwa kimetengwa. Ukikosa kuuona uhusiano wa makapi na umeme kwenye vyumba vinne, hutauona kwenye tisa.

Wahadhiri wetu wana haki ya kuuliza tuweke nini mahali pake. Ninapendekeza kwamba kabla ya kuchora chumba chochote, mwanafunzi ajibu maswali manne kwa maandishi.

La kwanza: nani anakula kwa nani? Achore mishale kuonyesha malighafi, umeme, wateja, wafanyakazi na sifa njema vinavyopita kati ya vitengo. Kitengo chenye mishale mingi kisipangwe peke yake.

La pili: soko lina mipaka mingapi? Apime sehemu ya soko kwa mipaka isiyopungua mitatu. Kitengo kikihama chumba kila mpaka unapohama, aandike hivyo waziwazi, asijifanye ana uhakika.

La tatu: je, ukubwa unapunguza gharama au unaongeza bei katika biashara hii? Kwa sukari, pengine ndiyo, kwa kiasi. Kwa kahawa ya Elgon, la. Jibu likiwa la, mstari wa sehemu ya soko ufutwe na uwekwe mwingine, kwa mfano tofauti ya bei tunayolipwa juu ya bei ya soko la jumla.

La nne: kufunga kutagharimu kiasi gani, na kufungua tena kutagharimu kiasi gani? Hesabu hiyo ijumuishe mafundi watakaotawanyika na wakulima watakaong'oa mazao. Ikiwa kufungua tena ni ghali mara nyingi kuliko kuvumilia, basi huyo mbwa ana kazi ya ulinzi tusiyoilipia kwa sasa.

Akishajibu hayo, achore jedwali akitaka. Huenda likamsaidia kuanzisha mazungumzo kati ya watu wa fedha na watu wa mashine, na hiyo ndiyo faida yake halisi ambayo siikatai. Lakini alama za mtihani zitolewe kwa majibu ya maswali yale manne. Na kampuni za mifano zitoke hapahapa. Mwanafunzi anayesoma karibu na Mto Nile hana sababu ya kujifunza kwa kampuni ya kubuni yenye vitengo vya herufi A, B, C na D, wakati kuna Kakira, Nytil, Njeru na maghala ya kahawa ya Mbale ambayo anaweza kuyafikia kwa teksi na kuwauliza watu wanaofanya kazi humo.

Wenzangu mtakaoajiriwa katika benki, wizara na ofisi za ushauri, siku moja mtaletewa orodha ya vitengo na kuombwa kuvipanga kabla ya saa kumi jioni. Msikubali kuandika neno "mbwa" mbele ya jina la kiwanda ambacho hamjawahi kuingia ndani yake. Ombeni siku mbili zaidi. Nendeni mkaone makapi yanakopelekwa.